Mwaka wa Kusubiri "Ila"

Habari za kifo cha Mzee Elisaria nilizipata kwenye simu, katika lile kundi la wastaafu wetu ambalo halinyamazi. Kila asubuhi wananitumia maua, sala, video za mbuzi wanaocheza, na malalamiko: mafao, magoti, wajukuu, bei ya sukari. Wanalalamika hao! Watu walewale ambao mwaka mzima, nikiwa kiongozi wao, niliwabembeleza wanitajie tatizo moja tu, wakanijibu nzuri tu, dada, hakuna tatizo, tunashukuru. Nilisoma tangazo la msiba, nikasoma pole zilizopangana chini yake, nikafika mahali ambapo Saitoti, mtafiti wa mifugo wa enzi zile, mtu wa Terrat, ameandika: "Mzee wetu hakuwahi kulalamika." Nikaiweka simu mezani kifudifudi. Yule mzee nilimpenda, na kumlilia nilimlilia. Lakini maneno yale yalinikera mpaka chai ikanishinda. Hakuwahi kulalamika! Ndiyo, hakuwahi, na ndiyo maana maharage yake leo hayapo.

Mwaka ninaousema ni wa ile miaka ya ruksa, wakati kila kilichokuwa kimefungwa kilifunguliwa kwa mkupuo mmoja. Kaloleni, hapo Arusha mjini, nilikopanga chumba karibu na uwanja wa mpira, mitumba ilimwagwa barabarani kila asubuhi, na duka la jirani lilikuwa na sabuni za kila rangi, hata ukasahau kwamba juzijuzi tu tulipanga foleni kwa mche mmoja. Serikalini hali ilikuwa nyingine. Kule neno lilikuwa kupunguza: kupunguza magari, kupunguza watu, kupunguza utafiti. Kituo chetu cha utafiti wa kilimo, nje kidogo ya mji, kilikuwa kimeambiwa kwamba aina za maharage tunazozijaribu ni nyingi mno na fedha hakuna. Mwisho wa msimu zingebaki tatu zilizofanya vizuri kuliko zote, nyingine zifungwe. Na nani angeamua ni tatu zipi? Kompyuta. Chuo kikuu kimoja cha ng'ambo kilitupa bure programu ya kuchambua matokeo ya mashamba ya majaribio, ikaja kwenye diski ndani ya bahasha ngumu. Sisi kwa upande wetu tulitakiwa tuunde umoja wa watumiaji: watafiti wa kanda nzima wakutane kila mwezi, waseme programu inawakwamisha wapi, na mwisho wa mwaka watengenezaji waje kusikiliza ili wakairekebishe. Umoja ukahitaji kiongozi. Daktari Urassa, mkuu wa kituo, aliniita ofisini kwake akaniambia, "Zuhura, wewe ndiye uliyesomea hivi vidude. Kuanzia leo wewe ni Mratibu wa Watumiaji." Nikamuuliza mratibu anafanya nini. "Anaratibu," akajibu, akarudi kwenye gazeti lake.

Ofisi niliyopewa ilikuwa zamani stoo ya mbegu. Harufu ya dawa ya wadudu ilikuwa imeingia kwenye kuta, ikaingia kwenye nguo zangu, na mama mwenye nyumba kule Kaloleni alikuwa akinifungulia mlango anasema, "Umerudi, mwenye harufu yako." Kompyuta ilikaa kwenye meza ya mninga, imefunikwa kitambaa cha kufuma chenye maua mekundu, maana karani aliona aibu kitu cha thamani kile kukaa wazi. Kila siku nilikitoa kitambaa, kila siku nilikikuta kimerudi. Upande mmoja ukuta ulikuwa wa mbao nyembamba, na nyuma ya mbao ndipo palipokuwa chumba cha chai. Hapo ndipo nilipoipatia elimu yangu yote ya mwaka ule, na sikuitafuta. Ilipenya yenyewe kwenye nyufa pamoja na harufu ya maandazi. Nilikuwa binti wa miaka ishirini na kitu, najua kuiwasha mashine na kuizima, najua kitabu cha maelekezo karibu kwa moyo. Nilidhani kuongoza watumiaji ni kuwafundisha kubonyeza. Masikini mimi.

Mkutano wa kwanza, humohumo ofisini kwangu, walikuja wengi, wamevaa vizuri, wengine na tai. Nikasimama mbele na chaki mkononi. Nikawaambia jamani, kazi yetu ni moja: tuseme ukweli kuhusu programu hii, ili wenyewe wairekebishe. Haya, habari za programu? "Nzuri!" wakaitikia wote. Kuna tatizo lolote? "Hakuna tatizo." Nikamgeukia mmoja mmoja. Mzee Elisaria, wewe je? Alikuwa Mmeru wa makamo, mrefu, koti la kahawia na kalamu mbili mfukoni, mtu aliyezalisha maharage miaka yote ya kazi yake. Akainuka kwa heshima kamili, kana kwamba mimi ndiye mkubwa wake. "Nzuri tu, binti. Inakwenda." Saitoti je? "Aisee, madamu, safi sana!" Mwezi wa pili hivyohivyo. Mwezi wa tatu nikabadili swali, nikawaandikia ubaoni: Ni kitu gani kibaya? Wakatazama ubao kama watu walioonyeshwa tusi. Mmoja akakohoa, akasema kwa maoni yake ubaya hakuuona, ila mazuri ni mengi, akaanza kuyataja. Nilitamani kupiga kichwa ukutani, wallahi. Mkutano ukafungwa kwa makofi, wakahamia chumba cha chai, na hapo, nyuma ya mbao, ndimi zikafunguka.

"Ile kitu imenikomesha," nilimsikia mtu akisema, na sauti ilikuwa ya Mzee Elisaria. Nikasimama palepale na ufutio mkononi. Akaanza kumweleza Saitoti mambo ambayo dakika chache nyuma nilikuwa nikimwomba anieleze mimi. Kati ya maharage yake ilikuwepo aina moja aliyoipenda kuliko zote. Kituoni iliitwa kwa namba, lakini wanawake wa huko mlimani waliompa vipande vya mashamba yao kwa majaribio waliiita Ongeza, kwa sababu watoto wakiila husukuma sahani na kusema ongeza. Sasa shida ilikuwa hiyo hiyo ya utamu. Watu hawakuisubiri ikauke. Waliichuma majani yakiwa mboga, wakachuma maganda mabichi, na siku ya kupima mavuno Mzee Elisaria alikuta vipande vingine vimebaki miti mitupu. Kipande ambacho hakina cha kupima, kitabu cha maelekezo kilisema kiachwe wazi, basi akakiacha wazi. Na programu, ikikuta palipo wazi, iliweka sifuri yenyewe bila kumwambia mtu. "Yaani imeliwa kwa sababu ni nzuri," alisema Mzee Elisaria, "halafu mashine inaandika haikuzaa kitu. Ongeza imekuwa ya mwisho, chini kabisa." Saitoti akacheka mpaka akapaliwa na chai. "Sasa mbona hukusema kule ndani?" "Kule ndani!" akasema mzee. "Kule ndani mtu anauliza habari."

Sikulielewa jibu lile. Nilimngoja mlangoni, nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikamwambia, mzee, nimesikia habari ya vipande vilivyoliwa, hilo ndilo tatizo hasa ninalolitafuta. Akatabasamu kwa upole. "Aa, binti, hayo ni maneno ya chai tu. Usijisumbue." Nikamwambia si kujisumbua, ni kazi yangu, na Ongeza itafungwa. "Mungu yupo," akasema, akachukua kofia yake. Basi nikaenda kuijaribu programu mwenyewe, na kweli, kila penye pengo iliweka sifuri, na hapakuwa na namna yoyote ya kuiambia kwamba hapa hakuna kipimo. Nikakimbilia kwa Daktari Urassa. Nikamwomba amruhusu Mzee Elisaria apige hesabu za Ongeza kwa mkono, kama walivyofanya miaka yote. Akanitazama juu ya miwani. "Tumetoka kwenye mkono, tumeingia kwenye mashine. Kamati ya kuchagua zile tatu inataka karatasi iliyotoka kwenye mashine." Nikasema basi niwaandikie wenye programu, akasema utaratibu wao unataka tatizo litajwe na mtumiaji mwenyewe kwenye mkutano wa mwaka, mbele yao. "Na watumiaji wako kila mwezi wanasema nini?" akaniuliza. "Wanasema nini, Zuhura?" Wanasema nzuri, nikajibu. "Sasa wewe unataka iwe mbaya kwa nini?"

Leo, nikiwa na umri aliokuwa nao Mzee Elisaria mwaka ule na zaidi, huwa nasikia vijana wakisema watu wetu ni waoga. Hata mimi nilisema hivyo. Kule Kaloleni, mama mwenye nyumba akinipakulia wali jioni, nilikuwa namwaga nyongo yangu yote: waoga, wanafiki, watu wazima wanaocheka mbele na kunung'unika nyuma ya mbao. Ananisikiliza, ananiongezea mchuzi. Siku moja jirani mmoja alipita dirishani, akaulizwa habari za nyumbani, akajibu nzuri, akaulizwa za watoto, nzuri, akaulizwa za kutwa, nzuri, ila mdogo wangu amelazwa tangu jana na hali yake si njema. Mama akaweka mwiko chini akatoka naye. Nami nikabaki na sahani yangu, sikuunganisha chochote. Nilikuwa na hasira mno, na mtu mwenye hasira hasikii hata lugha yake mwenyewe.

Aliyeniunganishia ni Mzee Elisaria. Jumamosi moja nilipanda kwake, juu ya barabara ya Moshi, kwenye migomba na mifereji ya maji yanayoshuka kutoka Meru, nimekula kiapo kwamba sirudi bila tatizo lililosemwa kwa kinywa chake. Mkewe, Mama Ndeshi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha, alinipokea uani, akanikalisha, akaniambia mzee yuko bondeni anakata majani ya ng'ombe. Sebuleni palikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vilevile vya maua mekundu, kalenda ya kanisa, na redio iliyozungumza peke yake. Mzee alipokuja alinawa, akavaa shati jingine, ndipo akaketi. Shikamoo, marahaba, habari za mjini, nzuri, habari za kazi, nzuri, za wenyeji wako Kaloleni, nzuri, na hapa je, nzuri tu. Kikaletwa chakula: ndizi zilizopikwa na maharage, na kuku pembeni. "Kuku kula bila wasiwasi," akasema Mama Ndeshi, "nimemwita Athumani hapo jirani akamchinja." Nilikula. Yale maharage yaliyeyuka mdomoni, na mchuzi wake ulikuwa mzito bila kutiwa kitu. Nikasukuma sahani kabla sijajijua. Mama Ndeshi akaangua kicheko. "Na wewe umesema ongeza!"

Tuliponawa mikono, nikiwa nimeegemea na nimenyamaza kwa shibe, Mzee Elisaria akaanza mwenyewe. "Hapa ni nzuri," akasema, "ila mvua imechelewa. Ila ndama mmoja ana mafua. Ila," akasita, akazungusha kofia magotini, "ila ile programu, binti, inaniulia mtoto wangu." Akanieleza kila kitu, mwanzo hadi mwisho, kwa mpangilio, na mapendekezo juu yake. Nikamwuliza, karibu nalia, kwa nini hukuniambia siku zote nilipokuwa nakuuliza? Akashangaa kweli. "Umeniuliza lini? Wewe unauliza habari ukiwa umesimama, na chaki mkononi, mbele za watu. Mtu akikuuliza habari amesimama, unamjibu nzuri ili aende zake kwa amani. Hiyo ila inakuja mtu akishakaa. Wewe hujawahi kukaa." Mama Ndeshi aliyekuwa akikusanya vyombo akadakia, "Na huwapi hata chai kwanza!"

Basi nikaigeuza mikutano juu chini. Ubao nikautoa. Tukahamia chumba cha chai chenyewe, maandazi mezani, nimeketi katikati yao na mimi nakunywa. Nilimwuliza kila mtu habari za kwake, za watoto, za mashamba, nikanyamaza, nikangoja. Kungoja kule kulinitesa mimi nisiye na subira, nakwambieni, nilikuwa nabana vidole chini ya meza. Lakini ila zilikuja. Saitoti alisema programu ni safi, ila haisomi zaidi ya herufi nane za jina, na yeye ana Nailepu Mkubwa, Nailepu Mdogo na Nailepu wa Terrat, basi mashine imewafanya wote ng'ombe mmoja anayetoa maziwa ya zizi zima. Mwingine alisema inakwenda vizuri, ila umeme ukikatika inameza kazi ya siku nzima. Kila mwezi nikatoka na ila mpya. Kwa mara ya kwanza nikajiona kiongozi wa kitu. Kilichobaki kilikuwa kimoja: Mzee Elisaria aseme yake mbele ya wageni, maana bila hivyo Ongeza ilikuwa imekwisha. Nikamwuliza, utasema? Akaniangalia machoni. "Nitasema," akasema.

Siku ya mkutano wa mwaka tulikwenda kwenye ukumbi wa hoteli mjini. Nilikuwa nimeomba chai ije kwanza, wageni na wenyeji wakae pamoja, waulizane habari mpaka zikauke. Daktari Urassa akaifuta. Wageni hawana muda, akasema, magari ya mbugani yanawangoja nje mchana. Nikayaona kweli, yameegeshwa kivulini, mahema yamefungwa juu. Chai ikapelekwa mwisho. Wenyeji wakapangwa mistari kama darasa, na profesa wa ng'ambo, mtu mpole ambaye sina ubaya naye, akasimama mbele na kalamu mkononi. Amesimama! Nilijisikia kucheka na kulia kwa pamoja. Akamuuliza wa kwanza kama ana tatizo. Hakuna tatizo. Wa pili, hakuna, tunashukuru. Saitoti, Mungu amweke, ndiye aliyethubutu. Akaeleza habari za Nailepu wake, ukumbi mzima ukacheka, profesa akacheka kuliko wote akaandika harakaharaka. Daktari Urassa hakucheka. Mara umeme ukakatika, watu wakatoka kibarazani kungoja jenereta iwashwe. Nilibaki ndani namsaidia mhudumu kufungua mapazia, sikuona nani alisimama na nani. Waliporudi ilikuwa zamu ya Mzee Elisaria.

Akainuka na koti lake la kahawia. Profesa akamuuliza, na wewe, mzee, kuna tatizo lolote? "Hakuna tatizo," akasema Mzee Elisaria. "Programu ni nzuri. Tunashukuru sana." Nikangoja. Nilikuwa nimeshajifunza kungoja, siyo? Nikajiambia inakuja sasa, anapumua tu, ila yake inakuja. Alisimama kidogo, mkono kwenye kalamu zake mbili, akanitazama mimi mara moja, akaketi. Profesa akapiga alama kwenye karatasi yake akageukia mwingine. Nikainuka. Sauti ilinitoka kubwa kuliko nilivyotaka: samahani, kuna tatizo, programu inaweka sifuri mahali pasipo na kipimo, na kuna aina ya maharage itakayokufa kwa ajili hiyo. Daktari Urassa akanigeukia taratibu. "Mratibu, wewe una shamba la majaribio?" Sina, nikasema. "Wewe ni mtumiaji?" Akaendelea bila kungoja. "Mtumiaji mwenyewe amesema hakuna tatizo. Au amesema vipi, Mzee Elisaria?" Na Mzee Elisaria, akitazama sakafu, akasema, "Hakuna tatizo." Nilitamani ardhi ipasuke, na si kwa aibu, kwa hasira.

Nilimfuata nje akiwa anakunywa chai. Mzee, nikamwambia, umenifanyia nini? Uliniahidi! "Yamekwisha, mwanangu," akasema. "Njoo ule." Sikula. Kamati ilikaa wiki ile, karatasi iliyotoka kwenye mashine ikasomwa, Ongeza ikafungwa. Na mbegu iliyokuwa imebaki stoo, kwa kuwa si ya utafiti tena, ilipelekwa jikoni kwa chakula cha wafanyakazi. Mchana ule kantini ilijaa kelele. Watu walimwita mpishi atoke wampigie makofi, wakamuuliza maharage haya umeyapata wapi, leo umetuweza, ongeza bwana. Mzee Elisaria alikaa kwenye kona yake, akala taratibu, akaifuta sahani yake kwa tonge la mwisho. Mimi nilikula sahani mbili kwa hasira, machozi yanachuruzika kwenye ugali, na Saitoti peke yake ndiye aliyeona, akanipa leso bila utani.

Kilichoniua zaidi kilikuja mwaka uliofuata. Bahasha ngumu ililetwa na diski mpya, na ndani yake karatasi ya marekebisho. Mahali pasipo na kipimo hapahesabiwi tena kuwa sifuri, iliandikwa, kwa msaada wa mtumiaji wa nchi fulani aliyetutaarifu. Mtu huko, nisiyemjua, alisema maneno machache tu, wakarekebisha. Nilimpelekea Mzee Elisaria ile karatasi, akaisoma, akaikunja vizuri, akanirudishia. "Vizuri," akasema. "Itasaidia wengine." Baada ya hapo, kila tulipokutana nilimpa shikamoo yangu kama inavyopasa, lakini ilikuwa kavu. Miaka ikapita, nikaacha kazi ile, nikahamia nyingine Dodoma, akastaafu, nikastaafu, na swali langu likabaki palepale: kwa nini mtu aliyesema nitasema, hakusema?

Maziko sikuyawahi. Nilifika Arusha wageni wa msiba wameshatawanyika, nikapita Sakina ambako sasa ni maduka tu hadi mbali, nikapanda kule juu ya barabara ya Moshi. Nyumba ni ileile, viti vilevile, vitambaa vimefifia. Mama Ndeshi amekuwa mdogo zaidi lakini sauti haijapungua. Nikampa pole, tukashikana, tukalia kidogo, akanikalisha. Akaleta ndizi na maharage. Nilionja nikamtazama. "Siyo yale," akasema kabla sijauliza. "Hapa tulikuwa na kopo moja tu, tulipanda misimu miwili mitatu, yakachanganyika na mengine, yakapotea." Tukala. Nikamuuliza habari za kanisa, nzuri, za watoto, nzuri, za afya yake, nzuri tu. Nikanyamaza, nikangoja, sasa nikiwa mtu mzima nisiye na pa kukimbilia.

"Ila," akasema Mama Ndeshi, "kuna neno alikataza nisikuambie akiwa hai." Akaweka bakuli chini. Siku ile umeme ulipokatika, akasema, mkubwa wenu alimvuta Elisaria pembeni kibarazani. Akamwambia umemsikia yule wa ng'ombe? Akitokea mwingine wa kusema hivi, maana yake yule binti hakuwafundisha kazi, na jina lake naliweka kwenye orodha ya kupunguzwa. "Alirudi nyumbani akaniambia, maharage nitazalisha mengine, ila mtoto wa watu akifukuzwa kwa kinywa changu, sitalala. Nikamwambia, umefanya vibaya, Elisaria, ungemuuliza mwenyewe. Akasema, ningemuuliza, angesema niseme."

Ningesema aseme! Wallahi ningesema aseme! Nilikuwa kijana, nimesoma, mji mzima ulikuwa unafungua ofisi mpya kila kukicha, ningepata kazi nyingine kabla ya mwezi kuisha. Nani alimtuma? Nani aliwahi kuniuliza kama nataka kulindwa kwa bei ile? Kazi yenyewe niliyolindiwa niliichukia mpaka nikaiacha. Maneno haya yote niliyasema moyoni, nikaacha kula. Mama Ndeshi akajifuta mikono kwenye kanga, akaniuliza, kama anayeanza upya, "Na wewe, mwanangu, habari zako?"

"Nzuri," nikasema.

Hakuitikia. Alikaa, mikono magotini, ananitazama tu. Nje ng'ombe alilia, akanyamaza.

"Ila nimemkasirikia, mama," nikasema. "Nimemkasirikia mpaka leo."

"Hata mimi," akasema Mama Ndeshi, akanisogezea bakuli.